MICHEZO YA SHULE NA MFUKO WA CHAMA
Jinsi ya kuwachangia watoto bila kuvunja imani ya wanachama

Masika yanapokwisha na masoko ya tumbaku yanapokaribia, walimu wa michezo katika shule za Itetemia na sehemu nyingine za Tabora huanza kuandaa timu. Wakati huo huo hodi huanza kubishwa katika ofisi za vyama vya msingi. Mwalimu Mkuu huomba mpira. Mwenyekiti wa Kamati ya Shule huomba jezi. Shule iliyoshinda ngazi ya kata huomba nauli ya kwenda kushindana mbele zaidi.

Katibu wa chama huwa katika hali ngumu. Akikataa, huonekana hana huruma na watoto ambao wengi wao ni wa wanachama wenyewe. Akikubali na kutoa fedha papo hapo, huwa ametumia mali isiyokuwa yake. Makala haya yanaeleza kwa nini maombi hayo yanakuja, na ni kwa njia gani chama kinaweza kuyakubali bila kuvunja sheria wala imani ya wanachama.

Kwa nini fedha za michezo hupungua

Michezo ya shule nchini hupanda kwa ngazi: shule, kata, wilaya, mkoa, hatimaye taifa. Shule za msingi hukutana katika UMITASHUMTA, na za sekondari katika UMISSETA. Gharama kubwa haiko katika mpira wenyewe. Iko katika kuwasafirisha watoto, kuwalisha na kuwalaza kambini.

Kila fedha zinapobana, fungu la michezo huwa miongoni mwa yale ya kwanza kuguswa. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA ili nguvu na fedha zielekezwe katika kumaliza upungufu wa madawati. Hakuna mzazi awezaye kusema kwamba dawati halina maana, kwani mtoto anayeandika akiwa amekaa sakafuni hapati haki yake. Hata hivyo mtoto aliyekuwa darasa la saba mwaka huo hakupata nafasi nyingine ya kushindana akiwa shule ya msingi. Mashindano yalirudi mwaka uliofuata, lakini yeye alikwisha kuondoka.

Ruzuku ya shule nayo ina mipaka. Kiwango kilichotajwa katika miongozo ya elimu bila malipo, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2016, ni sh. 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na sh. 25,000 kwa wa sekondari. Shule ya msingi yenye watoto 400 basi huhesabiwa sh. 4,000,000 kwa mwaka mzima. Ndani ya fedha hizo mna vitabu, chaki, karatasi za mitihani na matengenezo madogo. Kinachobaki kwa michezo ni kidogo mno.

Halmashauri, ambazo husaidia shule kutokana na mapato yao wenyewe, nazo ziliguswa. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Punguzo hilo lilikusudiwa kuleta nafuu katika kilimo, na ni jambo jema. Lakini katika mikoa ya tumbaku kama Tabora, ushuru wa mazao ni chanzo kikubwa cha mapato ya halmashauri, na chanzo kikipungua, mafungu madogo kama la michezo hukauka kwanza.

Je, hili ni jambo la chama?

Baadhi ya wanachama huuliza kwa haki: chama kiliundwa kuuza tumbaku na kuleta pembejeo, mpira wa watoto unakihusu nini?

Jibu limo katika misingi ya ushirika iliyokubaliwa na Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani mwaka 1995. Msingi wa saba unavitaka vyama kujali jamii vinamoishi. Msingi wa tatu unaruhusu sehemu ya ziada kusaidia shughuli nyingine, kwa sharti moja: ziwe zimekubaliwa na wanachama. Wala si jambo geni nchini. KNCU ya Kilimanjaro, iliyoandikishwa mwaka 1933, ilitumia sehemu ya mapato ya kahawa katika elimu ya watoto wa wakulima.

Zaidi ya hayo, mashindano ya taifa ya shule yalifanyika katika mji wa Tabora mwaka 2022 na tena mwaka 2023. Watoto kutoka kila pembe ya nchi walikuja kukimbia na kucheza hapa. Ni jambo la kusikitisha ikiwa mtoto wa Itetemia ataishia kuwa mtazamaji kwa sababu shule yake haikuwa na mpira wa kufanyia mazoezi. Hakuna mteuzi wa mkoa amwonaye mtoto ambaye timu yake haikufika hata ngazi ya kata.

Kosa linalorudiwa

Kosa la kawaida ni makato ya kimya. Viongozi wawili au watatu hukubaliana na mwalimu, kisha katika hati ya malipo ya mkulima hutokea mstari mpya: “Michezo.” Mwaka wa kwanza wanachama hunung’unika. Mwaka wa pili huuliza fedha zilikwenda wapi, na stakabadhi hazionekani. Mwaka wa tatu wengine huanza kupeleka tumbaku yao kwa jina la jirani aliye katika chama kingine. Hapo watoto wamekosa jezi, na chama kimekosa tumbaku.

Mkulima wa tumbaku ana sababu ya kuogopa mistari katika hati yake. Kabla hajashika shilingi, amekwisha kukatwa mkopo wa mbolea na pembejeo nyingine pamoja na michango ya chama. Kumwongezea mstari asioujua, hata uwe mdogo namna gani, ni kumfundisha kwamba chama si chake.

Upande wa shule nako kuna funzo. Mwezi Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango katika shule za umma, baada ya malalamiko kwamba watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa sababu wazazi hawajalipa. Ilielezwa kwamba mzazi mwenye kutaka kuchangia kwa hiari azipeleke fedha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na kwamba walimu wasishike fedha hizo. Kwa hiyo mambo mawili hayana budi kuzingatiwa daima: mchango uwe wa hiari, na mtoto asiadhibiwe kwa ajili ya mfuko wa mzazi wake.

Njia tatu za kupata fedha

Chama kinaweza kuchagua moja kati ya njia tatu. Kila moja ina uzuri na udhaifu wake.

Ya kwanza ni ziada. Baada ya hesabu kukaguliwa na akiba zinazotakiwa kisheria kutengwa, mkutano mkuu hutenga sehemu ya ziada kwa ajili ya michezo. Njia hii haimgusi mkulima katika hati yake. Udhaifu wake ni kwamba mwaka wa hasara hauna ziada, na watoto hubaki bila kitu.

Ya pili ni kiasi sawa kwa kila mwanachama. Ni rahisi kuhesabu, lakini mkulima mdogo hulipa sawa na mkubwa.

Ya tatu ni kiasi kidogo kwa kila kilo iliyouzwa. Mwenye nacho hutoa zaidi, na asiyevuna hatozwi.

Tuchukue mfano wa chama chenye wanachama 300 ambacho huuza kilo 450,000 kwa msimu. Kikitoza sh. 3,000 kwa kila mwanachama, hupata sh. 900,000. Kikitoza sh. 2 kwa kila kilo, hupata sh. 900,000 zile zile. Lakini mkulima aliyeuza kilo 500 hulipa sh. 1,000 tu, na aliyeuza kilo 3,000 hulipa sh. 6,000. Jumla haikubadilika, kilichobadilika ni nani amebeba mzigo. Jambo hilo si la Katibu wala Bodi kuamua. Ni la mkutano.

Hatua za kufuata

1. Ombi la shule liletwe kwa maandishi, likiwa limetiwa saini na Kamati ya Shule au Bodi ya Shule, pamoja na orodha ya mahitaji. Ombi la mdomo lisijibiwe kwa fedha.

2. Bodi ya chama ilichunguze ombi na kuliingiza katika makisio ya mapato na matumizi ya mwaka. Bei zitafutwe katika maduka yasiyopungua mawili.

3. Mkutano mkuu ujadili na kupiga kura. Azimio litaje kiasi, njia ya kuchangia, mwaka mmoja tu wa utekelezaji, na haki ya mwanachama asiyetaka kujitoa kwa maandishi. Muhtasari uandikwe siku hiyo hiyo. Makisio yaliyopitishwa yafikishwe kwa Mrajisi Msaidizi kama taratibu zinavyotaka.

4. Fedha ziingizwe katika akaunti ya chama na kuandikwa katika ukurasa wake peke yake. Zisichanganywe na fedha za pembejeo wala zisikopeshwe mtu.

5. Chama kinunue vifaa chenyewe na kukabidhi vifaa, si fedha. Makabidhiano yafanyike mbele ya Kamati ya Shule, yaandikwe katika daftari la mali la shule, na ofisi ya Mkurugenzi ipewe taarifa. Fedha za nauli zilipwe kwa mwenye gari, kwa stakabadhi.

6. Taarifa ya matumizi ibandikwe katika ubao wa matangazo wa chama na wa shule, kisha isomwe katika mkutano unaofuata. Bila taarifa hiyo, azimio jipya lisiletwe.

Makisio ya chama kilichotajwa katika mfano yanaweza kuwa hivi, ingawa kila chama kitaweka bei za mahali pake:

Mipira ya miguu 3 kwa sh. 35,000: sh. 105,000
Mipira ya pete 3 kwa sh. 30,000: sh. 90,000
Jezi seti 2 kwa sh. 180,000: sh. 360,000
Nyavu na pampu: sh. 45,000
Nauli na chakula cha safari: sh. 300,000
Jumla: sh. 900,000

Itaonekana kwamba wasichana wamewekewa mpira wao na seti yao ya jezi. Makisio yanayowakumbuka wavulana peke yao yarudishwe yakatengenezwe upya.

Jambo la majira

Vyama vingi hushindwa si kwa kukosa moyo bali kwa kukosea majira. Mashindano ya shule aghalabu huangukia katikati ya mwaka, wakati masoko ya tumbaku ndiyo kwanza yanaendelea na malipo hayajafika. Chama kinachosubiri fedha za msimu huo kitanunua jezi baada ya watoto kurudi nyumbani. Kwa hiyo fedha za mashindano ya mwaka huu hazina budi kutokana na mauzo ya mwaka uliopita, na ombi la shule lifike mapema ili liingie katika mkutano unaopitisha makisio.

Tena si kila kitu hununuliwa. Kusawazisha uwanja, kufyeka nyasi, kusimamisha milingoti ya magoli na kuchonga mikuki ya riadha ni kazi za mikono. Wakati wa kiangazi, tumbaku ikiwa imekwisha kufungwa, wanachama wanaweza kuzimaliza kwa siku chache. Siku hizo za kazi nazo ziandikwe. Mwanachama asiye na fedha apate kujua kwamba mchango wake umehesabiwa.

Mzigo uliopimwa

Itetemia inajulikana katika historia kama makao ya watemi wa Unyanyembe, na njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita katika nchi hiyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika pwani na bara kwa kubeba mizigo ya frasila mbili hivi, yaani kilo 32, kwa miezi kadhaa. Walichokubali kubeba kilipimwa na kujulikana kabla msafara haujaondoka. Mpagazi aliyeongezewa mzigo kwa siri njiani alikuwa na dawa moja: aliutua chini akarudi kwao.

Mwanachama wa leo hana tofauti. Mzigo wa michezo ya watoto ataubeba, maana watoto ni wake. Lakini aonyeshwe uzito wake mapema, aukubali kwa mkono wake ulioinuliwa mkutanoni, na mwisho wa mwaka aambiwe ulifika wapi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katibu ambaye bado ana ombi la shule mezani asilijibu leo kwa fedha, wala asilitupe. Aliweke katika ajenda ya mkutano mkuu ujao.