Gapi mwenye mimba hataki msaada mwingi

Si ajabu siku hizi kuingia sebuleni kwa mtu ukakuta tangi la kioo lenye samaki wa mapambo, na mara nyingi samaki wenyewe ni gapi, wale wadogo ambao madume yao yana mikia ya rangi rangi. Hupendwa kwa kuwa ni wavumilivu na hawali sana. Lakini hufika siku mwenye tangi akamwona jike tumbo limemjaa, amejibanza pembeni, chakula hakitaki. Hapo fadhaa huanza. Mmoja atatia dawa majini, mwingine atamchota kwa kikombe amfungie ndani ya chupa. Kulipokucha samaki amekufa, na watoto wake wote tumboni.

Huyo hakuwa mgonjwa. Alikuwa na mimba, tena alikuwa karibu kuzaa.

Perege hutaga mayai, kisha mama huyachukua mdomoni na kuyalea humo. Gapi hatagi. Mayai yake hubaki tumboni mpaka watoto wakamilike, nao hutoka wakiwa hai, urefu wao kiasi cha milimita 7, na huanza kuogelea papo hapo. Mimba huchukua wiki tatu hadi nne au zaidi kidogo, kwa kutegemea joto la maji. Mzazi wa mara ya kwanza hutoa vifaranga wachache, pengine 10 tu. Jike mkubwa huweza kupita 50. Linaloshangaza zaidi ni kwamba jike aliyetengwa na madume huendelea kuzaa. Akipandwa mara moja huweka akiba ya mbegu mwilini kwa miezi kadhaa, akazitumia mimba baada ya mimba. Kwa hiyo anayenunua jike kutoka tangi la dukani ahesabu kwamba amenunua mzazi.

Dalili ziko wazi kwa mwenye kutazama. Nyuma ya tumbo, karibu na njia ya haja, lipo doa jeusi ambalo hukua na kukolea kadiri siku zinavyosogea. Siku za mwisho tumbo huacha kuwa la mviringo, likawa kama lina pembe, na kwa majike weupe huweza kuonekana vijicho vya watoto ndani ya doa hilo. Ukiona magamba yamesimama kama manyoya ya kuku mgonjwa, hilo ni jambo jingine, ni maradhi.

Sasa tumfanyie nini? Kwanza tumpunguzie bughudha. Dume la gapi halina haya. Humfukuza jike mchana kutwa hata akiwa na uchungu. Kila dume mmoja awe na majike wawili au watatu, ili usumbufu ugawanyike. Kama ni lazima kumhamisha mama, ahamishwe mapema, wiki nzima kabla ya kuzaa, kwa chombo chenye maji yale yale aliyoyazoea. Kumvua kwa wavu siku ya mwisho ni kumtafutia kifo, au atazaa vifaranga wasiokomaa. Madukani huuzwa vijisanduku vya plastiki vya kumfungia mzazi ndani ya tangi. Mimi sivipendi. Samaki aliyebanwa mahali asipoweza hata kugeuka vizuri huhangaika, na mwenye kuhangaika huchelewa kuzaa.

Hofu ya watu ni kwamba mama atawala watoto wake. Ni kweli, atawala, na wenzake watamsaidia. Gapi hana malezi. Kitu kidogo kinachopita mbele yake ni chakula. Dawa yake ni maficho. Jaza upande mmoja wa tangi majani ya majini yaliyosongamana, na usipoyapata, funga fungu la nyuzi za nailoni lielee juu. Vifaranga hukimbilia humo, na mkubwa hapenyi. Mama naye alishwe vizuri siku hizo, maana mwenye njaa huwinda zaidi. Akishamaliza kuzaa, unaweza kumtoa.

Vifaranga wapewe chakula kilichosagwa mpaka kikawa kama vumbi, kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku. Kiini cha yai lililochemshwa kinafaa pia, lakini kiwe cha kuguswa kwa ncha ya kijiti tu, kwa sababu huoza upesi na kuchafua maji. Robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe kwanza siku nzima katika ndoo iliyo wazi. Yakimiminwa moja kwa moja huunguza matamvua, na wadogo ndio wa kwanza kufa.

Baada ya miezi miwili hivi vifaranga hao nao huwa tayari kuzaa. Piga hesabu ya 30 kila mwezi, uone tangi lako litakuwaje kabla ya mwaka kwisha. Hapo wengi hubeba ndoo wakamwage mtoni. Tafadhali wasifanye hivyo. Asili ya gapi ni Venezuela, Trinidad na nchi za jirani, na kokote alikomwagwa kwenye maji ya joto amezaliana na kugombea chakula na samaki wa pale. Watenge madume mapema, mara rangi zinapoanza kuonekana. Wa ziada wagawie wenye matangi, au watie katika pipa la maji ya kumwagilia bustani, lisilofurikia mtaroni. Humo watakula viluwiluwi vya mbu.