Fahamu: Je, mlonge unatibu maradhi 300?

Pakiti za unga wa mlonge zimejaa sokoni na kwenye WhatsApp, na nyingi hudai mti huu hutibu maradhi 300. Idadi hiyo haijathibitishwa na utafiti wowote wa hospitali. Inarudiwa tu, kila muuzaji akimnukuu mwenzake.

Lishe yake, hata hivyo, si porojo. Gramu 100 za majani mabichi zina protini gramu 9 hivi, kiwango kikubwa kwa mboga ya majani, pamoja na madini ya chuma, kalsiamu na vitamini A.

Lakini ile kauli kwamba mlonge una vitamini C mara saba ya chungwa? Majani mabichi yana miligramu 52 hivi kwa gramu 100, na chungwa ni karibu hivyo hivyo. Ukiyaanika juani, sehemu kubwa ya vitamini hiyo hupotea. Madini nayo huonekana mengi kwenye unga kwa sababu maji yameondoka; ila nani hula gramu 100 za unga? Kijiko kimoja cha chakula hakifiki gramu 10.

Kuhusu kisukari, majaribio kwa binadamu ni machache, madogo, na majibu yake hayalingani. Anayetumia dawa za sukari au presha amwambie daktari kabla ya kuongeza unga huo, na mjamzito aepuke mizizi na magome.

Majani mabichi yapikwe kama mchicha, kwa nazi ukipenda.