Kumbukumbu za shamba ziko Drive? Hiyo bado siyo akiba

Leo siongelei mbolea.

Wiki iliyopita alinipigia kijana mmoja anayefuga kuku wa mayai. Benki inataka mauzo yake ya mwaka mzima ndipo imfikirie mkopo. Faili lilikuwa Google Drive. Kutafuta kwenye simu, hamna. Kwenye laptopu, hamna. Kumbe miezi mitatu nyuma simu ilijaa, akaingia Drive akafuta mafaili, akidhani anapunguza mzigo wa simu tu.

Hapo ndipo wengi tunachanganya. Drive, OneDrive na Dropbox kazi yao kubwa ni kusawazisha: ukibadilisha huku, na kule kunabadilika. Ni kama majaruba mawili yanayonyweshwa na mfereji mmoja. Dawa ya magugu ikiingia kwenye maji, usitegemee jaruba la pili lipone. Ukifuta, imefutika kote. Ukikosea tarakimu, kosa linasambaa. Na kirusi kikiyafunga mafaili ya laptopu, yanayopanda Drive ni hayo hayo yaliyofungwa.

Ni kweli, kilichofutwa Drive hukaa kwenye Tupio siku 30, na imeshaniokoa mimi mwenyewe. Lakini siku 30 kwa mkulima ni nini? Wengi wetu hesabu tunazifungua msimu ukiisha, au siku benki ikiuliza.

Nakala ya akiba ni ile isiyofuata mabadiliko. Kila mwisho wa mwezi, nakili folda ya shamba kwenye diski ya nje, ipe jina la mwezi huo, na ya mwezi uliopita usiifute. Halafu chomoa. Ikibaki imechomekwa, kirusi kinaifikia nayo. Usiiweke begi moja na laptopu, mwizi habebi nusu. Yangu mimi iko kwa mama. Flashi za bei chee sizishauri, zinakufa bila kuaga. Drive endelea nayo, maana nyumba ikiungua ndiyo nakala iliyo mbali. Na mara moja moja fungua faili kutoka kwenye diski uone kama linasomeka. Wengi hugundua halisomeki siku wanapolihitaji.

Yule kijana sasa anakusanya mauzo upya kutoka kwenye meseji za M-Pesa na daftari la mnunuzi wake. Jana alikuwa amefika mwezi wa tano.