Soda ya ukoo iliyozaliwa na uhaba wa sukari

Kutegemea leseni ya mwenzio ni hatari. Hilo lilimpata L.D. Peeler wa Salisbury, North Carolina, Marekani. Kiwanda chake kilijaza soda ya Mint Cola. Wenye soda, kampuni ya Kentucky, wakafilisika. Wakati huohuo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeadimisha sukari. Mwaka 1917 Peeler akanunua kwa mchuuzi wa St. Louis ladha ya cheri-mwitu, isiyodai sukari nyingi. Ndiyo Cheerwine, jina limetokana na rangi, mvinyo haumo!

Safari hii fomula ilikuwa mali yake. Ukoo wake ungali unaimiliki kampuni, hivyo msomaji mwenye akiba asihangaike: hisa zake haziuzwi sokoni.