Seva ya Nyumbani na Hifadhi ya Data za Nyanjani: Uteuzi wa Vifaa na Utambuzi wa Hitilafu

Mtafiti wa fasihi simulizi anaporejea kutoka nyanjani huwa na kinasasauti kilichojaa, madaftari mawili matatu na picha za miswada alizoruhusiwa kupiga. Fanani aliyemwimbia huenda ana umri wa miaka 80. Rekodi hiyo ikipotea baada ya fanani kufariki, hakuna ruzuku itakayoirudisha. Licha ya hayo, data nyingi za aina hii hukaa katika diski moja ya nje iliyotiwa mkobani, hadi siku mkoba unapoanguka.

Makala haya yanaeleza namna ya kuteua vifaa vya seva ndogo ya nyumbani, yaani tarakilishi isiyozimwa ambayo huhifadhi faili za watu kadhaa na kuwapa kupitia mtandao wa humo ndani, na namna ya kutambua chanzo cha hitilafu inapotokea. Hoja inayoyaongoza ni kwamba katika mfumo huu kinacholalamika si lazima kiwe ndicho kinachougua. Diski hulaumiwa mno kwa makosa ya kebo, ya umeme na ya kumbukumbu, na hasara kubwa hutokea pale mwenye data anapoifuta au kuitupa diski nzima kwa shaka tu.

Kiasi cha data na aina ya diski

Inafaa kupiga hesabu kabla ya kwenda dukani. Sauti iliyorekodiwa kwa kilohazi 48, biti 24 na mikondo miwili huchukua takriban gigabaiti 1 kwa saa. Ukurasa wa mswada wa ukubwa wa A4, ukiskaniwa kwa rangi katika nukta 600 kwa inchi bila kubanwa, huchukua takriban megabaiti 104. Mswada wa kurasa 300 basi unakaribia gigabaiti 31. Video yenye kasi ya megabiti 24 kwa sekunde hula karibu gigabaiti 11 kwa saa. Kwa hiyo saa 100 za sauti, saa 100 za video na miswada kumi ya kurasa 300 havifiki terabaiti moja na nusu. Diski mbili za terabaiti 4, moja ikiwa kioo cha nyingine, zinamtosha mtafiti kwa miaka kadhaa. Anayenunua diski sita kubwa kwa mara moja amejinunulia sehemu sita za kuharibika.

Wazo la kuunganisha diski kadhaa za bei nafuu ili moja ikifa data isalie lilipewa jina la RAID mwaka wa 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Miundo yake ni mingi, ila kwa nyumbani ule wa kioo ndio ulio rahisi kuuelewa na kuuokoa.

Suala la aina ya diski lina uzito zaidi kuliko la ukubwa. Zipo diski ambazo njia zake za data zimepangana zikipandiana, mfano wa makuti juu ya paa. Teknolojia hii hufupishwa SMR. Kila aliyewahi kuona paa la makuti likikarabatiwa anajua kwamba kubadilisha kuti la chini hulazimu kuinua yaliyolilalia. Ndivyo ilivyo kwa diski hizi: kusoma hakuna tatizo, lakini kuandika upya kunaburuta. Diski iliyokufa inapobadilishwa na mfumo kuanza kunakili data yote katika diski mpya, uzito huo waweza kuwa mkubwa kiasi cha mfumo kuiona diski nzima kuwa mbovu. Mwaka wa 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski za Western Digital za jamii ya Red, zilizouzwa kwa ajili ya seva za nyumbani, zilikuwa za SMR bila mnunuzi kuarifiwa. Kampuni hiyo baadaye ilizitenga diski zisizopandiana kwa jina la Red Plus. Busara ni kuitafuta namba kamili ya modeli katika orodha ya mtengenezaji badala ya kuliamini jina lililo juu ya boksi.

Hata diski inayoitwa mpya inahitaji kuhojiwa. Kila diski huweka rekodi ya afya yake iitwayo SMART, ambayo husomwa kwa programu ya bure ya smartctl. Kipengele cha 9 hueleza idadi ya saa ambazo diski imefanya kazi. Mwaka mmoja mfululizo ni saa 8,760. Mapema mwaka wa 2025, wanahabari wa Heise nchini Ujerumani walifichua kwamba diski za Seagate zilizokuwa zimetumika kwa maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa madukani kama mpya, hesabu ya SMART ikiwa imerudishwa kwenye sufuri. Kilichowaumbua walaghai ni rekodi nyingine ya ndani, FARM, ambayo hawakuwa wameigusa. Waswahili walikwisha kusema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa madaftari yalikuwa mawili, na moja likamsuta mwenzake.

Umeme, na tarakilishi za mitumba

Wengi huanza na tarakilishi ya mitumba iliyotoka ofisini, ambayo hupatikana kwa urahisi Nairobi. Uamuzi huo si mbaya. Hata hivyo, nyingi zina nafasi ya diski mbili tu, na katika baadhi ya modeli pawasaplai ni ya umbo la kampuni yenyewe: ikiungua, ya kawaida ya dukani haiingii. Betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mkuu nayo huwa imechoka. Dalili yake ni saa ya tarakilishi kurudi nyuma kila umeme unapokatwa, na faili kuzaliwa na tarehe za uongo. Kwa mtafiti anayehitaji kujua alirekodi lini, kasoro hiyo si ndogo.

Kinachopuuzwa zaidi ni betri ya akiba ya umeme, ambayo mafundi huiita UPS. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani kwa saa nyingi, na hakuna betri ya bei ya mwanafunzi ambayo ingeuvuka usiku ule. Kazi yake si hiyo. Kazi yake ni kumpa seva dakika chache za kufunga faili na kujizima kwa heshima, jambo lisilowezekana iwapo kebo ya mawasiliano baina ya betri na seva haikuchomekwa. Kebo hiyo ndiyo mara nyingi hubaki kwenye boksi.

Dalili na chanzo

Hitilafu ikijitokeza, hatua ya kwanza ni kunakili data ambayo bado inasomeka. Kuipima diski kwa majaribio mazito kabla ya kunakili ni kumkimbiza mgonjwa ili kujua kama anaumwa. Ikiwa diski inagongagonga, izimwe papo hapo.

Baada ya hapo SMART isomwe kwa makini. Kipengele cha 5 huhesabu sekta zilizoharibika na kuhamishwa, na cha 197 huhesabu zile zinazosubiri kuamuliwa. Hizi zikiongezeka wiki hadi wiki, diski yenyewe inakufa. Kipengele cha 199 ni kisa kingine kabisa: huhesabu data iliyovurugika njiani baina ya diski na ubao. Kikipanda peke yake, mshukiwa wa kwanza ni kebo, kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ndani ya seva. Kebo mpya haiirudishi hesabu chini. Huizuia tu isipande, na wengi wasiolijua hilo hudhani ukarabati umeshindwa. Katika miji ya pwani, unyevu na chumvi hula ncha za vyuma, hivyo kuchomoa na kuchomeka upya huweza kutosha kwa muda.

Shaka ikibaki, kebo za diski mbili zibadilishane. Kosa likiifuata kebo, kebo ni mbovu. Likibaki na diski ileile, diski ni mbovu. Likibaki kwenye tundu lilelile la ubao ilhali kebo na diski vimehama, ubao ndio wenye kasoro. Kitu kimoja tu kihamishwe kwa kila jaribio.

Diski mbili zikianza kukosea siku moja, haielekei kwamba zimeugua pamoja. Hapo chanzo kitafutwe juu yake: pawasaplai au kumbukumbu ya RAM. Diski ya inchi 3.5 huweza kuvuta hadi ampea 2 katika volti 12 inapoanza kuzunguka, kiwango kinachozidi sana mahitaji yake ya kawaida, na pawasaplai iliyozeeka hushindwa wakati huo. RAM hupimwa kwa Memtest86+ usiku kucha. Kosa moja tu latosha kuihukumu.

Kioo si nakala

Neno kioo limeteuliwa vyema, kwani sura iliyo kiooni haibaki mwenyewe akiondoka. Faili ikifutwa katika diski moja, imefutwa katika zote mbili. Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto kilipoteza takriban terabaiti 77 za data za utafiti kwa kosa la programu iliyokusudiwa kutengeneza nakala za akiba. Aprili 2021, moto uliteketeza chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger, Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na sehemu kubwa ya mkusanyiko wake wa machapisho na filamu kuhusu Afrika. Nakala nyingine, kwa hivyo, ikae katika jengo jingine, afadhali mji mwingine, katika diski ambayo haijaunganishwa na seva. Kila muhula ichaguliwe rekodi moja kutoka katika nakala hiyo, ifunguliwe kwa tarakilishi tofauti, na isikilizwe hadi fanani anyamaze.