Mpiga picha wa harusi: bei ianze kwenye daftari, si kwa jirani

Mavuno yakishaingia ndani na barabara zikishakauka, harusi huku kwetu hupishana. Jumamosi unaweza kukutana na msafara ukitoka Rhotia kuingia Karatu mjini, matarumbeta mbele, maharusi nyuma yake. Katikati ya msafara kuna kijana amekaa kinyume juu ya pikipiki, kamera mkononi, akipiga picha huku akitupwa na kila tuta.

Swali letu leo ni hili: jioni ile, baada ya yote, kijana huyo anabaki na shilingi ngapi?

Tunauliza kwa sababu wapiga picha wengi wa vijijini hawalijui jibu. Ukiwauliza bei waliipataje, watakwambia, "Mwenzangu wa pale stendi anachukua laki tatu, na mimi nachukua laki tatu." Lakini mwenzako huyo huenda naye aliiga kwa mwingine. Mkiigana hivyo, mnaweza kupata hasara wote bila hata mmoja kujua.

Harusi moja ni siku ngapi?

Kamati ya harusi inakuona siku moja tu, kwa hiyo inadhani imekulipa kwa siku moja. Hebu tuhesabu. Kukutana na maharusi, kwenda kuuona ukumbi na kukubaliana ni nusu siku. Harusi yenyewe, tangu bibi harusi akiwa saluni hadi ukumbini usiku, ni siku nzima. Kuchagua picha na kuzisafisha kwenye kompyuta ni siku 3. Kupeleka albamu kuchapwa, kuifuata na kuikabidhi ni nusu siku nyingine. Jumla ni siku 5.

Hesabu kwa daftari na kalamu

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kujifunzia tu, wewe weka za kwako.

Kwanza, vifaa. Kamera, lenzi, taa na kompyuta vimegharimu shilingi 4,800,000, na unatarajia vidumu miaka 4. Maana yake kila mwaka vinakula shilingi 1,200,000. Ukipata harusi 24 kwa mwaka, kila harusi inadaiwa 50,000 ya vifaa.

Pili, gharama zinazokuja hata usipopata kazi. Kodi ya chumba 50,000 kwa mwezi, umeme na bando 40,000 kwa mwezi, pamoja na 360,000 kwa mwaka za matengenezo, betri na kadi za kumbukumbu. Jumla ni 1,440,000 kwa mwaka. Gawa kwa harusi 24, unapata 60,000 kwa kila harusi.

Tatu, gharama za harusi yenyewe. Usafiri 30,000, msaidizi 40,000, albamu 80,000 na flashi ya kuwapa maharusi picha zao 15,000. Jumla 165,000.

Nne, ujira wako. Ukijilipa 25,000 kwa siku, siku 5 ni 125,000.

Jumlisha zote: 50,000 na 60,000 na 165,000 na 125,000. Jibu ni shilingi 400,000. Hapo bado hujapata faida, umerudisha gharama na kujilipa kibarua. Ukiongeza faida ya asilimia 20, yaani 80,000, bei yako inakuwa 480,000.

Sasa rudi kwa yule wa laki tatu. Akitoa gharama zake zote 275,000, anabaki na 25,000 kwa siku 5, yaani shilingi 5,000 kwa siku. Aulize kibarua cha kung'oa vitunguu Mang'ola kinalipa ngapi, kisha alinganishe.

Angalia pia habari ya punguzo. Kamati ikisema, "Tutolee laki moja tu," wewe wa 480,000 unashuka hadi 380,000. Faida yote ya 80,000 imekwisha, na 20,000 nyingine imetoka kwenye ujira wako. Laki moja inaonekana ndogo kwa kamati, lakini kwako ndiyo tofauti ya kununua kamera mpya na kuazima.

Msimu na umbali

Harusi 24 hazigawanyiki mbili kila mwezi. Wakati wa Kwaresima harusi za Wakristo hupungua sana, Ramadhani vivyo hivyo kwa Waislamu, na masika barabara nyingi za vijijini huwa tope. Harusi hujazana miezi ya kiangazi na mwisho wa mwaka. Faida ya Agosti ndiyo inayolipa kodi ya Aprili, kwa hiyo usiile yote Agosti. Na kama wewe unapata harusi 12 tu, sehemu ya vifaa na gharama za mwaka inapanda kutoka 110,000 hadi 220,000 kwa kila harusi. Gharama yako si 400,000 tena, ni 510,000. Ndiyo maana bei ya jirani haiwezi kuwa yako.

Umbali nao una bei. Harusi ya Karatu mjini si sawa na ya Endabash, na ya Loliondo huwezi kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, lazima ulale. Kama safari au picha za maharusi zitapita ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ulizia mapema kwa Mamlaka ya Hifadhi kuhusu kiingilio, gari na kibali cha kupiga picha za kulipwa. Usifike lango la Loduare ndipo ugundue kwamba bei uliyotaja haikuhesabu kiingilio. Na ukitaka kurusha droni, kumbuka inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Kuuza kwa kamati

Mteja wako mara nyingi si bwana harusi peke yake. Ni kamati, yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, inayokusanya michango na ahadi. Bajeti huanza na chakula, vinywaji, ukumbi na mapambo. Picha huja mwishoni, fedha zikiwa zimebaki kidogo. Sisi wenyewe tumekaa kwenye vikao hivyo, na tumekuwa wa kwanza kusema, "Mpiga picha apunguze."

Dawa yake ni kuwahi. Peleka bei yako kwa maandishi kabla bajeti haijapitishwa, siyo wiki ya mwisho. Njoo na albamu mkononi, mzee mwenye mchango mkubwa aifungue mwenyewe. Picha kwenye simu ndogo haimwonyeshi tofauti yako na mgeni mwenye simu nzuri.

Panga kazi yako kwa vifurushi, kama vya simu, maana kila mtu anavielewa. Cha kwanza ni harusi peke yake, picha za mnato na albamu. Cha pili ni harusi na sendofu. Cha tatu kinaongeza video. Wakikuomba upunguze, usipunguze bei, punguza kazi: albamu ndogo, au uondoke baada ya keki. Wakitaka kila kitu, bei ni ile ile.

Kisha fanya urafiki na MC, mpambaji, mwenye saluni na mwenye ukumbi. Hao wanasikia habari za harusi kabla yako.

Kabla kamati haijavunjwa

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Baada ya harusi, kamati hukutana kwa chakula na kuvunjwa rasmi. Ikishavunjwa, deni lako halina mwenyewe. Mwenyekiti atakwambia muone mweka hazina, naye atakwambia zile ahadi hazikulipwa.

Kwa hiyo chukua nusu ya malipo siku mnapokubaliana, na nusu iliyobaki kabla ya siku ya harusi. Andikeni mkataba wa ukurasa mmoja: tarehe, saa za kuanza na kumaliza, idadi ya picha, siku ya kukabidhi albamu, na nini kitatokea harusi ikiahirishwa au wewe ukiugua. Mtie saini na shahidi. Ukilipwa kwa simu, tunza ule ujumbe wa muamala.

Na mkataba unakubana wewe pia. Ukisema albamu ni wiki 4, iwe wiki 4. Nakili picha sehemu mbili usiku ule ule kabla hujalala, maana harusi hairudiwi.

Andika pia picha zitatumikaje. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha kama kazi ya ubunifu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inasisitiza ridhaa ya mhusika. Ukitaka kuiweka sura ya bibi harusi kwenye bango la studio au kwenye statasi yako, mwombe kwanza.

Neno kwa wanakamati

Nanyi mnaochanga, msimwone mpiga picha mwenye hesabu kuwa ana tamaa. Anayechukua kazi chini ya gharama ataifidia mahali fulani: ataazima kamera, ataacha msaidizi, au atakimbilia harusi nyingine mchana ule ule. Pilau itakwisha usiku huo na mapambo yatarudi kwa mwenyewe. Miaka 20 ijayo, mtoto akiuliza bibi yake alionekanaje siku ile, kitakachofunguliwa ni albamu.

Kama unapiga picha, kaa na daftari lako leo jioni, weka namba zako, kisha utuandikie: ulikuwa unabaki na shilingi ngapi?