Jogoo wa kubaki na jogoo wa mnadani

Kuku wa nyumbani: makala ya tatu

Alfajiri ya Julai, baridi ya Mbulu ikiwa haijaachia, jogoo mmoja anawika katika banda la udongo huko Daudi. Panapita kimya kifupi. Anaitikia wa pili, kisha pora mmoja anajaribu na sauti inamkatikia katikati. Mwenye nyumba aliyezoea kusikiliza anajua kwamba zamu hiyo haivurugiki ovyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo ana saa yake mwilini inayomwamsha hata akifungiwa mahali ambapo mwanga haubadiliki. Mwaka 2015 wakaongeza jambo lenye faida zaidi kwa mfugaji: mkubwa wa kundi ndiye anayefungua, na waliobaki humfuata kwa vyeo. Akiondolewa yeye, anayemfuatia ndiye huanza.

Vyeo hivyo si vya majogoo peke yao. Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyekuwa akiwatazama kuku tangu utotoni, alieleza mwaka 1921 kwamba kila kuku kundini anajua nani wa kumdonoa na nani wa kumkimbia. Yeyote anayemwaga pumba asubuhi anaweza kuona hayo bila kusoma kitabu. Tetea wa juu huingia katikati ya sahani. Mtemba wa chini huzunguka nje, ananyakua punje moja na kuruka. Mtemba huyo huchelewa kutaga, na mwenye nyumba humdhania mgonjwa. Kinachomsaidia ni sahani ya pili, iwekwe mbali na ya kwanza.

Wazee waliosema jogoo la shamba haliwiki mjini walikuwa wamelitazama jambo lenyewe. Jogoo aliyenunuliwa mnadani Katesh na kupelekwa Haydom ni mgeni asiye na cheo, na huenda akanyamaza siku kadhaa kabla ya kupima sauti yake.

Lakini kuna swali kubwa kuliko kelele na ugomvi, nalo ni hili: jogoo gani anabaki nyumbani?

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, utajiri unapotajwa hutajwa ng'ombe. Anayelipia daftari, sabuni na dawa ya ghafla, hata hivyo, mara nyingi ni kuku, na kabla ya tetea huuzwa jogoo. Mnunuzi anamtaka mkubwa, mwenye kifua kipana na upanga mwekundu. Mgeni akija, anayechinjwa ni huyo huyo. Sadaka nayo haitolewi kwa kuku mnyonge. Hivyo mwaka unapokwisha, aliyesalia bandani ni yule mdogo mwenye mbio, ambaye watoto walishindwa kumkamata. Huyo ndiye anakuwa baba wa vifaranga wote. Mwaka unaofuata vifaranga wanatoka wadogo, lawama inaangukia chakula au mbegu ya kienyeji, na familia inaanza kutamani Sasso ya Ufaransa au Kuroiler ya India. Kuku hao wana faida zao, lakini huatamia kwa nadra, na wanataka chakula cha kununua. Kuku wa kienyeji anaonewa. Amekuwa akichaguliwa kinyumenyume miaka na miaka.

Matetea wenyewe hawachagui hivyo. Tommaso Pizzari na Tim Birkhead waliandika mwaka 2000 kwamba tetea akipandwa kwa nguvu na jogoo wa cheo cha chini, anaweza kuitupa nje mbegu yake. Anamtaka mkubwa. Sasa mkubwa akiwa ameshauzwa, hana budi kubaki na aliyepo.

Jogoo wa kubaki anajulikana kwa matendo yake kama anavyojulikana kwa umbo. Atazamwe wakati wa kula. Mzuri akikuta mchwa hali kwanza. Hutoa sauti ya tuk-tuk ya harakaharaka, anaokota na kuangusha, mpaka matetea wafike. Kivuli cha mwewe kikipita ana mlio wake, na kundi zima huingia chini ya kichaka. Akitokea nguchiro au paka mwitu, mlio ni mwingine, na kuku husimama wima wakitazama. Kwenye bonde lenye mashamba ya mahindi na mwewe juu, jogoo anayeangalia anga anaokoa vifaranga wengi kuliko banda la gharama.

Kwa hesabu, jogoo mmoja anatosha matetea wanane hadi kumi. Wakizidi majogoo, dalili huonekana mgongoni: tetea ananyonyoka manyoya shingoni na juu ya mabawa, na hataki kushuka kwenye kichanja asubuhi. Majogoo wawili waliokua pamoja wanaweza kuvumiliana uwanjani palipo na nafasi. Shida huja msimu wa kupanda, mvua zinapoanza na kuku wakafungiwa wasifukue mbegu. Waliokuwa wakikwepana uwanja mzima sasa wamebanana ukutani, na damu inamwagika. Kabla ya majembe kutoka, mapora wa ziada wauzwe au watengewe chumba chao. Majogoo wasio na matetea karibu hawagombani sana.

Jogoo anayewarukia watoto ni habari nyingine. Kumpiga teke ni kumkubalia pambano, naye atarudi kesho akiwa amejiandaa. Mtu mzima asikimbie. Amshike, ambane mabawa kwapani, atembee naye kwa utulivu mpaka alegee, na arudie hivyo siku kadhaa. Kipi, ule mwiba wa mguuni, kinaweza kusagwa ncha kwa tupa; kisikatwe shinani, maana ndani kuna mfupa na damu. Kama bado anawalenga watoto usoni, achinjwe, na mayai aliyoyarutubisha yasiatamiwe. Ukali ni miongoni mwa tabia zinazorithiwa.

Baba naye ana muda wake. Akikaa muda mrefu ataanza kuwapanda binti zake. Njia rahisi ni kubadilishana na kijiji kingine, wa Dongobesh kwa wa Basotu kwa mfano, kuliko kubahatisha mnadani ambako ugonjwa wa kideri husafiri na kuku. Popote atokako, mgeni akae peke yake majuma mawili, apate tone la chanjo ya kideri jichoni kama makala iliyopita ilivyoeleza, kisha aingizwe usiku kuku wakiwa kichanjani. Tetea huhifadhi mbegu ya jogoo wa zamani kwa takriban majuma mawili, kwa hiyo mayai ya kuatamiwa yaanze kukusanywa juma la tatu.

Uchaguzi wote huo huharibika kwa dakika moja, mgeni anapopiga hodi saa sita mchana na mtoto akatumwa kukamata kuku. Kitambaa chekundu kikifungwa mguuni mwa jogoo aliyechaguliwa, bila kubana, na nyumba nzima ikaambiwa maana yake, mtoto atamruka huyo na kumfukuza mwingine.